Bwenini, geto au kwa baba mdogo: mtoto wa mwaka wa kwanza alale wapi Dar?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, simu yangu haipoi. Hapa Korogwe watu wanajua nimepeleka watoto watatu vyuo vya Dar es Salaam, na kila mmoja alilala kwake: wa kwanza kwa baba yake mdogo Mbagala, wa pili chumba cha kupanga Changanyikeni, yaani geto, wa mwisho bweni la chuo. Wanaopiga huuliza neno moja: wapi ni nafuu? Nami nawaelewa, maana hata mimi nilianza na bei. Mtoto wa kwanza aliponirudia na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, ndipo nilipogundua kuwa nilihesabu shilingi nikasahau kuhesabu saa.

Nasema saa kwa sababu mahali anapolala ndipo panapoamua ataamka lini, atakula mara ngapi, atakaa maktaba mpaka usiku gani, na nani atajua kwamba jana hakurudi. Kodi ni kipande tu cha hesabu hiyo. Basi nayaweka haya matatu sambamba kama nilivyoyaona, nikianza na lile tunalolikimbilia wengi kwa kuwa linaonekana la bure.

Kwa ndugu

Mzazi wa mkoani asiyekuwa na mtu Dar ni wa kutafutwa. Simu ikapigwa: "Mdogo wangu, mtoto amechaguliwa chuo huko kwenu." Mdogo mtu akajibu kama ipasavyo: "Aje tu, kaka, hapa ni kwake." Mume wangu akakata simu kifua mbele, nami nikaanza kupanga nguo. Hakuna kati yetu aliyemuuliza anayestahili kuulizwa, yaani mke wa nyumba ile. Yeye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani, ndiye anayepika, na ndiye atakayepishana koridoni na kijana wa miaka ishirini kila siku kwa miaka mitatu.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Mwanangu alilala sebuleni, na sebule ya watu ni mpaka taarifa ya habari iishe, tamthilia iishe, watoto wachoke. Godoro lilitandikwa saa tano usiku. Saa kumi alfajiri likakunjwa, kwa sababu chuo kilikuwa upande wa Ubungo na wakati ule Barabara ya Kilwa haikuwa na mwendokasi. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na asubuhi ya Mbagala mnaijua: unapandia dirishani au unabaki. Mwanachuo havai sare, kwa hiyo kwa kondakta ni abiria kama mwingine, hakuna nauli ya mwanafunzi hapo. Nauli ya siku moja ilikuwa bei ya sahani ya wali na samaki. Ile "bure" yetu iliishia kituoni.

Lakini nauli si kitu, nauli unatuma. Kilichomuumiza ni jioni. Wazazi tusiofika chuo tunadhani masomo ni mwalimu kusimama mbele na wanafunzi kuandika. Kumbe sehemu kubwa ni makundi: wanapewa swali, wanakwenda kukaa kwenye vimbweta, yale meza na viti vya zege chini ya miti, wanabishana mpaka wanaelewa. Diskasheni hizo huanza watu wakishakula, saa mbili usiku. Mwanangu saa kumi na mbili jioni alikuwa tayari anawaza foleni. Alikuwa akiletewa madesa, yaani nakala za masomo, kwa WhatsApp kama mgonjwa anayepelekewa uji. Muhula wa kwanza sapu mbili, na huyo ni mtoto aliyetoka kidato cha sita na daraja la kwanza.

Sasa nisimseme baba mdogo kwa ubaya, kwa sababu mwezi wa tatu kijana alishikwa na malaria kali na mama yake mdogo ndiye aliyekaa naye hospitali siku mbili, akiwa ameacha genge lake limefungwa. Hilo hakuna bweni litakalokufanyia. Kwa ndugu kuna mtu wa kusikia mtoto anakohoa usiku. Kuna ugali wa moto hata boom, ile pesa ya mkopo ya chakula na malazi, likichelewa. Na kuna jicho: huwezi kulala nje siku mbili nyumba ya baba mdogo bila kikao cha ukoo.

Mambo niliyoyajua kwa kuchelewa ni haya. Mzungumze mke wa nyumba kwanza, peke yake, na mpe nafasi ya kukataa bila kuonekana mbaya. Mtoto asiende mikono mitupu, na sizungumzii zawadi ya siku ya kwanza; nazungumzia gunia la mahindi au mchele kila muhula na kiasi fulani cha pesa kinachoingia mkononi mwa huyo mama, si kwa mumewe. Uliza ufunguo wa geti nani anao baada ya saa nne. Na semeni tangu mwanzo kwamba ni kwa muhula mmoja, kisha mtaangalia. Ukimpeleka "mpaka amalize" na mambo yakaharibika, kila anayetoka ataonekana amefukuzwa, na ugomvi huo utazikwa na watu wazima, si na mtoto.

Kwa binti mizani inabadilika. Binti akifika kwa ndugu, mara nyingi dada wa kazi anaachishwa mwezi unaofuata. Anaosha vyombo kabla ya kwenda chuo, anarudi anakuta nguo za shule za wadogo zake zinamsubiri. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, inatokea tu, na yeye kwa adabu aliyofundishwa hatasema. Uliza pia wanaume gani wengine wanalala nyumba ile na atalala chumba gani, chenye mlango unaofungika kwa ndani au la. Ukiona aibu kuuliza, basi usimpeleke.

Geto

Binti yangu wa pili alikosa bweni. Nikakumbuka foleni ya Mbagala, nikasema huyu tutampangia karibu na chuo. Dalali akatuzungusha Savei, Msewe, Makongo, na kila chumba kina hela ya kuonyeshwa hata kama umeona choo ukageuka mlangoni. Tulipata Changanyikeni kwa 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo, dalali akataka ya mwezi mmoja kwa mguu wake. Hiyo ni 560,000 kabla ya godoro, mtungi mdogo wa gesi, ndoo, pazia na kitasa kipya. Kitasa nakisema mahsusi. Chumba cha kupanga kimepita wapangaji wengi, na funguo za kile cha zamani hujui ziko mifuko ya nani. Sisi tulikibadilisha baada ya laptopu kuondoka, na mlango haukuwa umevunjwa.

Alipanga na rafiki yake waliyesoma naye kidato cha sita, nusu kwa nusu. Mwezi wa kwanza ilikuwa raha: picha za mapazia, picha za pilau. Mwezi wa pili ikaja ya LUKU. Mita moja, vyumba vitano, na chumba cha pili kina friji, lakini umeme unachangwa sawa kwa sawa. Mwezi wa tatu ukaja mswaki. Yaani kulikuwa na mswaki wa tatu kwenye kikombe, wa kijana aliyekuwa akimtembelea yule rafiki. Baada ya mswaki likaja taulo, baada ya taulo likaja begi. Binti yangu hakuniambia. Alihamia kimyakimya bwenini kwa mwenzake mwingine, wakilala wawili kitanda cha futi tatu, ile wanayoita kubebana, ambayo kanuni za mabweni zinaikataza. Nikawa nalipia chumba anacholala mtoto wa mtu nisiyemjua, na wangu analala kwa kujificha. Niliyajua mwezi wa sita, siku nilipokwenda bila taarifa na mchuzi wangu kwenye kontena.

Kosa halikuwa la geto lenyewe. Yuleyule binti mwaka wa tatu alipanga tena, na wenzake wawili aliowachagua akiwa anawajua tabia, na huo ndio mwaka aliofanya vizuri kuliko yote. Alipika, alilala kwa utulivu, alitembea kwa miguu dakika ishirini kwenda darasani. Geto lina ukimya ambao bwenini haupo na uhuru ambao kwa ndugu haupo. Shida ni kwamba mwaka wa kwanza mtoto hamjui mtu. Anapanga na yule anayemjua, si yule anayemfaa.

Kuna jingine wazazi hawalihesabu. Mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba hivi na kuishia karibu na Julai. Bwenini unalipia muda wa masomo. Geto linakula kodi hata likizo, mtoto akiwa nyumbani Korogwe anachuma machungwa au yuko mkoa mwingine kwenye mafunzo kwa vitendo. Ukiacha chumba, mwezi wa kumi unaanza upya na dalali. Kwa hiyo kodi ya 80,000 igawanye kwa miezi ambayo mtoto amelala pale kweli, uone inavyonenepa.

Mkitaka kupanga, mkataba uwe wa maandishi na uwe na majina ya wote wanaochangia, si mmoja. Risiti iwepo. Mtoto ajitambulishe serikali ya mtaa, maana siku ya matatizo mtendaji atauliza kwanza huyu ni nani. Na nendeni kuangalia chumba usiku, si mchana tu. Mchana kila mtaa ni mtulivu. Baa ya jirani inafungua spika saa mbili.

Bwenini

Watu wakisema "amepata hosteli" hudhani ni neno moja. Si moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabweni ndani ya kampasi ya Mlimani, kina hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na kina Mabibo, ambayo iko nje ya kampasi, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro. Aliyepangiwa Mabibo bado ana safari asubuhi. Si ya Mbagala, lakini ni safari, na diskasheni ya usiku Mlimani inamtaka afikirie kurudi. Kwa hiyo akikwambia amepata, muulize amepata ipi.

Vyuo vya katikati ya jiji ni habari nyingine kabisa. Pale Posta hakuna kilima cha kujengea mabweni, na wengi wa wanafunzi wake wanalala Kigamboni wanavuka kwa pantoni, au popote mwendokasi unapofika. Na kama mtoto wako amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, makala hii nusu yake unaweza kuiruka: UDOM kilianzishwa mwaka 2007 kikiwa na eneo kubwa na mabweni yake, na kwa wengi swali la kulala wapi linaisha siku ya usajili.

Nafasi hupatikana kwa kuomba kwenye akaunti ya mwanafunzi mtandaoni, kisha anapewa namba ya malipo na muda wa kulipia. Vyuo vya umma mara nyingi hutazama mwaka wa kwanza mapema, lakini nafasi isiyolipiwa kwa wakati inakwenda kwa mwingine. Pesa hiyo iwe mkononi kabla ya namba kutoka. Na mtu yeyote anayekupigia kusema ana kitanda cha kuuza, awe ana sauti nzuri kiasi gani, mkatie simu.

Maisha yenyewe: chumba cha watu wanne, sita, wakati mwingine zaidi. Mmoja anasali alfajiri na kengele ya simu, mmoja anarudi saa nane usiku, mmoja ana spika. Kandambili zinahama. Maji yakikatika ni ndoo na ngazi. Kupika hairuhusiwi, kwa hiyo mtoto anakula kwa kununua asubuhi, mchana na jioni, na hapo ndipo bei nafuu ya kitanda inapolipiza kisasi. Mwanangu wa mwisho alikuwa amesoma bweni tangu kidato cha kwanza, hivyo hakuna kilichomshtua. Mwenzake wa kitanda cha juu alikuwa mtoto wa kutwa wa hapo hapo mjini, hajawahi kulala na mtu asiye ndugu yake. Wiki tatu za mwanzo alikuwa akienda kwao kila siku kulala mchana.

Alichopata mwanangu ni saa. Kipindi cha saa moja asubuhi, anaamka saa kumi na mbili na nusu. Diskasheni ikiisha saa tano usiku, anatembea mpaka kitandani. Akikwama swali, kuna mtu wa mwaka wa pili mlango wa tatu. Sikumwona na sapu.

Na alichokosa ni mtu wa kumuuliza ulikuwa wapi. Kwa baba mdogo wanakuuliza wote. Geto anauliza jirani, tena kwa umbea. Bwenini unaweza kupotea siku nne na kila mtu akadhani umekwenda kwa shangazi yako. Mtoto aliyelelewa kwa fimbo tupu, asiyewahi kuamua lolote mwenyewe, hapo ndipo mahali pa kumwogopea.

Jumanne moja, vitanda vitatu

Chukua siku yenye kipindi cha saa moja asubuhi na cha mwisho kinachotoka saa mbili usiku, na siku za namna hiyo chuoni zipo. Aliyeko Mbagala ameamka saa kumi, amefika akiwa amechoka, saa za katikati ya mchana hana pa kujinyoosha, amelala kichwa mezani maktaba. Saa mbili usiku anakimbilia daladala, anafika saa nne, chakula chake kimefunikwa kwa sahani, sebule bado ina watu. Amelala saa tano na nusu. Hajafungua daftari.

Wa Changanyikeni ameamka saa kumi na mbili, amepasha kiporo, ametembea. Mchana amerudi kulala kidogo. Saa mbili usiku hapo kuna swali: njia ya kurudi ina taa? Akiwa binti, anasubiri wenzake au anaruka kipindi. Akifika anapika, kwa maana asipopika hakuna. Amesoma saa moja.

Wa bwenini ameamka wa mwisho, amekula chapati na chai pale chini, mchana amelala kitandani kwake, usiku amekula kwa mama ntilie na kwenda kwenye vimbweta mpaka saa tano. Amesoma saa tatu na ametumia pesa nyingi kuliko hao wote tumboni.

Zidisha siku hiyo kwa wiki za muhula, ndipo utaelewa kwa nini nasema saa.

Boom na miezi sita ya mwenye nyumba

Pesa ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo sasa ni 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani, na huja kwa mafungu ya takriban miezi miwili miwili. Fungu la siku 60 ni 600,000. Mtoto wa miaka kumi na tisa hajawahi kuona namba hiyo kwenye simu yake. Sasa iweke karibu na mwenye nyumba: chumba cha 100,000 kwa miezi sita ni 600,000. Boom zima la kwanza, hata chumvi haijanunuliwa. Na boom haliji siku ya kufika. Mtoto lazima asajiliwe, asaini, asubiri. Mwenye nyumba hasubiri. Mzazi anayesema "atalipia geto kwa boom" ajue ataitafuta pesa hiyo yeye mwenyewe mwezi wa kumi, awe amepanga au hajapanga.

Kwa anayelala kwa ndugu, 10,000 kwa siku ni pesa nyingi, na hapo pana hatari yake. Nyumbani anakula, chuoni ananunua nguo. Kubalianeni sehemu yake iende wapi, hata kama ni kumnunulia mama yake mdogo mafuta ya kupikia. Kwa wa bwenini inatosha akila kwa akili, yaani wali maharage siku nyingi na chipsi zege siku moja. Ile chipsi nayo ni mkopo, atailipa kwa asilimia 15 ya mshahara wake akiajiriwa; mwanangu nilipomwambia hivyo aliniambia nimeharibu utamu.

Kama hakupata mkopo, hesabu ya chakula ndiyo inayoamua, si ya kitanda. Hapo hata mimi ningerudi kumtazama baba mdogo, ila awe wa basi moja.

Ningechagua vipi

Kwa mwaka wa kwanza mimi ni mtu wa bweni, hasa lililo ndani ya kampasi. Nasema hivyo bila kuzungukazunguka, kwa sababu mwaka wa kwanza ndipo wanapodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, wengi wa watoto wasio wajinga, walioshindwa tu kujua mambo yanavyokwenda. Bwenini mtoto anayajua kwa kusikia kuta zikizungumza.

Ndugu ningemchagua kabla ya bweni kama mtoto ana ugonjwa wa kuangaliwa, kifafa au selimundu, na nyumba iko basi moja na chuo. Na kabla ya geto karibu kila mara, kwa mwaka huo mmoja. Geto la mwaka wa kwanza ningelikubali pale tu ambapo kuna kaka au dada yake wa tumbo moja anayesoma mji huohuo, au mtoto ameshaishi peke yake, au umri umekwenda. Mtu wa miaka 26 aliyefanya kazi ya ualimu huwezi kumwambia alale na vijana wanaopigia spika.

Kwa binti mwenye mtoto mchanga bweni halimfai na geto peke yake litamlemea. Huyo ni wa kwa mama mdogo, na ukoo ukae uchangie.

Miezi ya kungoja

Mtihani unaisha Mei, chuo ni Oktoba. Wengine wanaitwa JKT, na nimeona waliopita huko bwenini hawababaiki: kitanda cha juu, ndoo, foleni, yote wameshayaona. Aliyebaki nyumbani ndiye wa kuandaliwa, na maandalizi yanategemea atalala wapi.

Wa kwenda kwa ndugu, mpeleke Agosti akakae wiki mbili kabla hamjakubaliana chochote. Aamke saa atakazoamka, apande daladala atakazopanda. Mwenye nyumba atamwona anavyokula, naye ataona godoro linatandikwa saa ngapi. Baada ya hapo kila upande unaweza kusema "tutafikiria" bila kuvunja undugu. Mimi sikufanya hivyo na iligharimu Idi mbili za kununiana.

Wa geto, mpe pesa ya matumizi ya nyumba yako kwa mwezi mzima, aende sokoni yeye, alipe maji na LUKU yeye. Ziishe tarehe 20. Usiongeze. Mle mnachokula. Binti yangu angepitia hilo nyumbani, asingenunua blenda kwa boom la kwanza.

Wa bwenini hafunzwi kwa maneno. Kama hajawahi kulala nje ya kwenu, hata wiki kambini au kwa rafiki inasaidia. Mfundishe kusema "hapana, hiyo taulo ni yangu" bila kugombana, maana watoto wetu wengi wanajua kunyamaza au kupigana, katikati hakuna.

Makaratasi ni ya wote. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA kwa ajili ya mkopo, na mwezi wa saba kila mtu analikumbuka siku moja. Namba ya NIDA, vyeti halisi na nakala, picha ndogo, fomu ya daktari iliyojazwa, na bima: ya wanafunzi ya NHIF tulilipa 50,400 kwa mwaka. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja kwa ile namba anayotumiwa, mapema. Godoro msibebe kutoka mkoani. Basi litakutoza mzigo, pale stendi ya Mbezi bodaboda atakutoza tena, na Dar yamejaa barabarani.

Mwanangu huyu wa mwisho, wa bwenini, sasa anaingia mwaka wa pili na nafasi amekosa. Juzi kapiga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepata pa kulala?"

"Tumepata Msewe, watatu. Mita yetu wenyewe."

"Kitasa?"

"Nimeshabadilisha, mama."

"Na mmoja wenu akileta mswaki wa mtu?"

Akacheka. "Tumeuandika kwenye mkataba. Mgeni ni siku tatu, ya nne anachangia kodi."